Nakshi za Msumeno: Kutoka Roshani za Unguja hadi Meza za Ixelles

Mlango wa kuchonga wa Pwani umeandikwa sana. Wageni wameupiga picha tangu kamera zilipofika, wataalamu wamehesabu maua na minyororo ya miimo yake, na wafanyabiashara wameung'oa ukutani na kuuvusha bahari. Lakini mtu akisimama mbele ya mlango huo, Mji Mkongwe wa Unguja au Mji wa Kale wa Mombasa, kisha akainua macho, ataona kazi nyingine ya mbao ambayo haikupata waandishi wengi. Ni ubao mwembamba uliokatwa matundu na mapindo, ukaning'inizwa chini ya paa la roshani kama taraza kwenye ukingo wa nguo. Ni vitegemeo vya pembeni, kati ya nguzo na boriti, vilivyotobolewa majani na vikonyo hadi mwanga unapita. Kazi hii haikuchongwa kwa patasi. Ilikatwa kwa msumeno.

Makala haya yanafuata tarikhi ya nakshi hizo, na yanaandikwa Ixelles, mojawapo ya manispaa 19 za Brussels, ambako baadhi yetu tumerudia msumeno huo kama kazi ya jioni na ya siku za mapumziko. Kutoka Unguja hadi hapa panaonekana mbali, lakini kama tutakavyoona, mali iliyojenga roshani za kule na mali iliyopamba nyumba za huku zilitoka kwa sehemu katika nchi moja. Na hoja yangu ni hii: katika nakshi zote za mbao za Pwani, za msumeno ndizo ambazo mtu aliye mbali anaweza kuzirudisha kwa uaminifu, kwa sababu ya namna zinavyokatwa. Anachohitaji ni picha, na picha hizo ziko majumbani mwetu.

Majina yenyewe

Neno nakshi tumelipokea kutoka Kiarabu, naqsh, na limekaa nasi muda mrefu hata likazaa kitenzi: twasema mlango umenakshiwa. Roshani nalo lina safari ndefu zaidi. Asili yake ni Kiajemi, katika neno lenye maana ya mwanga. Katika Hijazi, hasa Jeddah, rawshan, kwa wingi rawashin, ni jina la dirisha kubwa la mbao linalotokeza nje ya ukuta, ambalo watu wa Misri wanaliita mashrabiya. Kwetu roshani imekuwa kibaraza cha ghorofani, mahali pa kupunga hewa na kutazama njia bila kutazamwa sana.

Tusichanganye kazi hizi. Mashrabiya ya Misri hutengenezwa kwa vijiti vidogo vilivyokerezwa na kuunganishwa kimoja baada ya kingine hadi vikawa wavu. Nakshi ya msumeno huanza na ubao mzima, kisha fundi huondoa kisichotakiwa. Zote mbili zinapitisha hewa na kupunguza ukali wa jua, lakini ya kwanza ni ya kujenga na ya pili ni ya kupunguza. Anayetaka kuiga moja kwa kutumia mbinu za nyingine atapoteza mbao zake.

Msumeno wenyewe mafundi wanaujua kwa umbo. Una fremu ya chuma iliyopinda kama upinde, na kati ya ncha zake umevutwa wembe wenye meno, mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Katika makala haya tutauita msumeno wa nakshi. Hapa Brussels, mji wa lugha mbili, una majina mawili: kwa Kifaransa ni scie à chantourner, na kwa Kiholanzi ni figuurzaag, yaani msumeno wa kukata maumbo.

Chombo na safari yake

Msumeno wa wembe mwembamba ulipata heshima yake Ulaya katika kazi ya kupamba samani. Fundi anayetajwa zaidi ni André-Charles Boulle wa Paris (1642 hadi 1732), aliyekuwa akipanga gamba la kasa na bamba la shaba pamoja, moja juu ya jingine, akayakata kwa mara moja. Kila mkato ulimpa mapambo mawili: ua la shaba ndani ya gamba, na ua la gamba ndani ya shaba. Kanuni hiyo ya kupanga vipande na kuvikata pamoja tutaikuta tena Unguja.

Katika karne ya 19 chombo kilitoka kwa mabwana wa samani kikaingia mikononi mwa watu wengi. Wembe wa chuma ulianza kutengenezwa viwandani kwa bei ndogo, na zikaja mashine za kukanyaga kwa mguu, mfano wa cherehani, zilizouacha mikono yote miwili huru kuongoza ubao. Marekani na Uingereza kukawa na wimbi la watu waliokata mbao nyumbani baada ya kazi. Mwaka 1895 Uingereza lilianzishwa gazeti la Hobbies, lililouzwa pamoja na michoro ya kukata, na kampuni yake ya Dereham, Norfolk, iliuza misumeno, mbao na vigezo kwa posta. Kwa hiyo msumeno wa nakshi umekuwa chombo cha fundi na chombo cha mpenzi wa kazi tangu zamani. Anayeurudia leo mezani kwake hafanyi jambo la ajabu.

Pwani ya Afrika Mashariki nakshi hizi zilifika kwa njia ya Bahari ya Hindi, pamoja na mafundi na wafanyabiashara wa Kutch, Gujarat na Bombay. Sayyid Barghash bin Said, baada ya kushindwa katika ugomvi wake na nduguye Sayyid Majid mwaka 1859, alipelekwa Bombay na kukaa huko hadi 1861. Alipotawala, kuanzia 1870 hadi 1888, mji wake ulibadilika sura: maji ya mfereji, majumba mapya, na mwaka 1883 Beit al-Ajaib yenye nguzo za chuma na roshani pande zote. Nyumba ya Kiarabu ya zamani ilikuwa na ukuta mnene na uso mtupu kwa nje, na uzuri wake ulikuwa ndani, uani. Nyumba mpya za wakati huu zilianza kutoa mbao zao nje, juu ya njia.

Zahanati ya Kale na mali iliyoijenga

Anayetaka kuona nakshi za msumeno katika ukamilifu wake na aende Barabara ya Mizingani, mbele ya bandari ya Unguja, kwenye jengo linaloitwa Zahanati ya Kale. Jiwe la msingi liliwekwa 1887, mwaka wa jubilei ya Malkia Victoria, kwa gharama ya Tharia Topan, tajiri Mwismaili aliyetoka Kutch akiwa kijana na kupanda hadi kuwa miongoni mwa wenye nguvu kubwa katika forodha na biashara ya Unguja. Alikufa 1891 kabla jengo halijaisha, na likakamilika 1894. Roshani zake zimepangwa ghorofa juu ya ghorofa, na karibu kila pembe ya mbao imekatwa matundu: ukingo wa paa, vitegemeo vya nguzo, vizuizi vya roshani.

Baada ya 1964 jengo likawa la serikali, likachakaa hadi likakaribia kuanguka. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulilikarabati, na kazi ile ikawa shule: mafundi wa Unguja walilazimika kurudia nakshi zilizooza kwa kufuata zile zilizobaki, kipande kwa kipande.

Lakini tarikhi ya haki haiishii kwenye uzuri. Fedha za Tharia Topan zilikuwa nyuma ya misafara mingi ya bara, na aliyekopeshwa naye na kujulikana zaidi ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip. Katika habari za maisha yake, alizoziandika mwenyewe kwa Kiswahili na kuchapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, biashara ya pembe inaelezwa kama kazi ya mtaji, deni na bunduki. Pembe za Manyema zilibebwa mabegani hadi pwani, na wengi wa waliozibeba au waliotekwa njiani hawakuwa na hiari. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na hali ya utumwa yenyewe ilifutwa kisheria visiwani Aprili 1897. Roshani za Mizingani ziliinuka katikati ya tarehe hizo mbili. Anayekata upya nakshi zile anakata pia kumbukumbu hiyo, na hana ruhusa ya kuisahau.

Pembe zabadili njia

Februari 1887, Unguja, Stanley aliandikiana na Tippu Tip mkataba wa kumfanya liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, chini ya dola ya Kongo ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Ulikuwa mwaka ule ule wa jiwe la msingi la Tharia Topan. Tippu Tip aliondoka Kongo 1890, akafa Unguja 1905 katika nyumba yake yenye mlango wa nakshi.

Vita kati ya jeshi la Leopold na wakubwa wa Kiarabu na Kiswahili wa Manyema vilidumu kutoka 1892 hadi 1894. Nyangwe ilitekwa Machi 1893, Kasongo mwezi uliofuata, na Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip, aliuawa mwaka huo huo. Daktari Mwingereza aliyefuatana na jeshi hilo, Sidney Hinde, alichapisha kitabu mwaka 1897 na humo alieleza mshangao wao walipoingia Kasongo: walikuta mji wenye bustani za michungwa na nyumba kubwa, na hata askari wa kawaida wakalala juu ya vitanda vya nakshi vyenye vyandarua vya hariri. Kwa msomaji wa jarida hili, habari ya vitanda vile ina thamani kuliko habari ya vita. Inatuonyesha kwamba kazi nzuri ya mbao ya Pwani ilikuwa imefika ukingoni mwa mto Kongo, na inatuonyesha jinsi ilivyotoweka: kama ngawira.

Tangu hapo pembe za mashariki ya Kongo ziliacha njia ya Tabora na Bagamoyo, zikateremka mtoni kuelekea magharibi na kupakuliwa Antwerp. Unguja ikapoteza, Ubelgiji ikapata. Matokeo ya mapato hayo yalionyeshwa 1897 huko Tervuren, nje kidogo ya Brussels, katika maonyesho ya makoloni. Pembe ziligawiwa wachongaji wa sanamu, na mbao za Kongo wakapewa wasanifu wa mtindo mpya wa wakati ule, Art Nouveau. Paul Hankar ndiye aliyesimamia upambaji, pamoja na Henry van de Velde, Georges Hobé na Gustave Serrurier-Bovy. Wakongomani 267 waliletwa kuonyeshwa kwa umati. Saba kati yao walikufa, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren hadi leo.

Hankar huyo huyo, mwaka 1897, alijenga nyumba ya mchoraji Ciamberlani katika Rue Defacqz, barabara inayokatiza baina ya Ixelles na Saint-Gilles. Na kabla ya hapo, 1896, alikuwa ameshatengeneza uso wa mbao wa duka la mashati la Niguet katika Rue Royale, ambao bado upo: mistari ya mbao inapinda na kukutana kuzunguka vioo, na fundi yeyote wa msumeno akiiona husimama. Ndani ya Ixelles, karibu na kanisa la Saint-Boniface, nyumba za Ernest Blerot za mwaka 1900 hivi zinaonyesha upindo huo huo katika milango na chuma cha roshani. Mwanahistoria wa Marekani Debora Silverman ameandika kwa kirefu kwamba mistari hii iliyopinda, ambayo Wabelgiji waliilinganisha na mjeledi, haitengani na Kongo yao: mimea ya mpira inayotambaa, na mjeledi wa ngozi ya kiboko. Mwaka 2023 taasisi ya usanifu ya CIVA, iliyoko Ixelles, ilifanya maonyesho ya "Style Congo" juu ya jambo hilo hilo.

Sisemi kwamba Hankar alijifunza kwa mafundi wa Unguja. Ninachosema ni kidogo zaidi, na kina ushahidi: pembe za nchi moja zililipia mbao zilizokatwa huku na kule, na kizazi kimoja tu kinatenganisha malipo hayo mawili. Anayetoka familia ya Unguja, ya Kasongo au ya Ujiji akapita Rue Defacqz hapiti ugenini kabisa.

Kiswahili cha Ixelles

Ixelles inajulikana kwa Matonge, mtaa uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa, baina ya Chaussée d'Ixelles na Chaussée de Wavre. Lingala ndiyo inayosikika kwanza. Lakini ukikaa vya kutosha kwenye vibaraza vya Galerie d'Ixelles utasikia Kiswahili cha Bukavu na Goma, cha Lubumbashi, cha Bujumbura, na mara mojamoja cha Kasongo, kwa watu ambao babu zao waliitwa waungwana. Hatua chache kutoka hapo, kwenye lango la Porte de Namur, pana uwanja uliopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018.

Wenye asili ya Unguja na Mombasa hapa ni wachache kuliko walioko Uingereza, na wachache sana ukilinganisha na jamaa waliokwenda Muscat, hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Lakini uhamiaji umetuacha sote na kitu kimoja: bahasha ya picha. Walioondoka baada ya Januari 1964 hawakubeba milango. Walibeba walichoweza kuweka kwenye sanduku, na picha ni nyepesi.

Kinachowezekana kwa msumeno

Hapa ndipo tofauti baina ya patasi na msumeno inapokuwa na maana. Mchongo wa patasi una kina. Picha ya mlango inakuonyesha mistari, lakini haikuambii patasi ilizama kiasi gani, wala kila jani limeinuka vipi kutoka kwenye mfaa. Ukitaka kuurudia mlango kwa picha peke yake, nusu ya kazi itakuwa ya kukisia. Nakshi ya msumeno haina siri hiyo. Kila mahali pana mbao au hapana. Picha ya nyeusi na nyeupe, hata iliyofifia, inaonyesha pana na hapana. Na kwa kuwa nakshi hizi ziliwekwa ukingoni mwa paa, nyuma yake aghlabu kuna mbingu, na umbo linajitokeza kama kivuli juu ya shuka.

Jambo la pili ni marudio. Ubao wa ukingo wa paa hukatwa kwa kigezo kimoja kinachorudiwa kutoka pembe hadi pembe. Fundi alikichora kigezo mara moja, akapanga mbao kadhaa pamoja, akazikata kwa mara moja, kanuni ile ile ya Boulle. Kwa hiyo haihitajiki picha ya roshani nzima. Rudio moja lililo wazi latosha, hata kama mengine yamefichwa na kamba ya nguo au yamekwishavunjika.

La tatu ni kipimo. Juu ya ukingo huo mara nyingi pana mabati ya mawimbi, na mabati ya kawaida yalikuwa na inchi 3 kutoka mgongo wa wimbi hadi mgongo unaofuata, ingawa yapo mapana zaidi ya inchi 5. Hesabu mawimbi yaliyo juu ya rudio moja, na umepata upana wake. Kisha linganisha na kitu kingine ndani ya picha, kama urefu wa mlango au wa mtu mzima, ili ujue ni bati la aina gani. Picha ikiwa imepigwa kwa pembeni, marudio hupungua kadiri yanavyokwenda mbali. Chukua lililo karibu zaidi na kamera, na ulinyooshe kwa rula kabla ya kulichora.

Kazi ya mezani ni ya subira. Mchoro unabandikwa juu ya ubao. Plaiwudi ya milimita 4 au 6 yafaa kwa jaribio, na mbao ngumu ndiyo ya kazi yenyewe. Kila tundu la ndani linaanza kwa kitobo cha keekee. Wembe unafunguliwa ncha moja, unapitishwa kitoboni, unafungwa tena na kukazwa hadi ukiupiga kwa ukucha unalia. Meno yaelekee chini. Mkono hausukumi msumeno. Unaongoza ubao taratibu, na kwenye pembe kali ubao unazungushwa wembe ukiwa bado unacheza mahali pamoja. Matundu ya ndani hukatwa kwanza na ukingo wa nje mwisho, kwa sababu ubao uliokwishatolewa ukingo hauna nguvu ya kustahimili mitikisiko. Na mbao ina nyuzi: kikonyo chembamba kilichokatwa kukingama nyuzi kitavunjika kwa msasa tu. Mafundi wa Unguja walilijua hilo, na ukichunguza nakshi zao utaona majani yanagusana mahali ambapo uzuri peke yake usingedai yagusane. Miguso hiyo ndiyo inayoshikilia ubao mzima. Mimi nilijua hivyo kwa kukata, si kwa kusoma.

Kwa nyumba za ghorofa za Ixelles msumeno huu una fadhila nyingine. Ule wa mkono hauna kelele, na wa umeme unaomba kona ya meza na zulia la mpira chini yake ili jirani wa chini apate usingizi. Randa na gogo la mvule havina nafasi katika chumba cha ghorofa ya tatu. Karatasi ya plaiwudi inayo. Vumbi lake ni jembamba na baya kwa kifua, basi barakoa na dirisha wazi ni lazima, hata majira ya baridi.

Mipaka ya kazi hii

Kuna wanaosema kwamba kazi ya mapenzi haihesabiki katika ufundi, kwa kuwa fundi hula kwa mkono wake na mpenzi wa kazi hula kwa mshahara mwingine. Neno hilo lina haki ndani yake. Anayekata ubao mmoja kwa jioni tatu hawezi kujilinganisha na mtu aliyekata ukingo wa paa zima ili watoto wale. Lakini mwenye jioni tatu ana kitu ambacho fundi wa mjini hana: muda wa kukaa na picha moja hadi imetoa kila ilicho nacho. Kazi hizi mbili zapaswa kufuatana. Mchoro utoke kwa aliye na picha, na ubao utakaopanda juu ya nyumba ukatwe na fundi wa Unguja au wa Mombasa anayejua chumvi ya bahari, mchwa, na msumari wa chuma unavyooza ndani ya mbao.

Pia yafaa kusema kile ambacho picha haitoi. Haitoi unene wa ubao, wala aina ya mbao, wala rangi. Anayerudia nakshi na aandike kando ya mchoro ni nini alichokiona na ni nini alichokikisia, kwa rangi mbili za kalamu ikiwezekana, pamoja na mahali pa nyumba na mwaka wa picha. Bila maandishi hayo, baada ya miaka 20 hakuna atakayejua kama kigezo ni cha mtaa wa Malindi au ni cha mezani Brussels. Siku hizi michoro ya kukata inapatikana kwenye intaneti kwa maelfu, na mashine zinaikata bila mkono wa mtu. Ni rahisi ubao wenye maua ya popote ukapachikwa roshani ya Unguja na kuitwa wa asili. Nakshi bandia ikizoeleka, ya kweli huonekana ngeni.

Na ya kweli inapungua. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa 1985, na UNESCO iliuweka mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, lakini orodha haizuii mvua. Majengo ni takriban 1,700, na sehemu za kwanza kuoza ni hizo hizo nyembamba zilizo nje na juu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib yenyewe iliporomoka na kuua watu wawili. Jengo lenye jina likianguka, dunia husikia. Ubao wa ukingo wa nyumba isiyo na jina ukianguka, hufagiliwa asubuhi pamoja na takataka.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa familia, na ni dogo. Wengi wetu sasa tunazihamisha picha za wazee kutoka kwenye albamu kwenda kwenye simu na kompyuta, na tunapofanya hivyo tunakata pembezoni ili nyuso zijae. Wapiga picha wa zamani waliwasimamisha watu barazani na chini ya roshani kwa sababu ya mwanga. Juu ya vichwa vya harusi, vya Idi na vya watoto waliovaa kanzu mpya, mara nyingi pana kipande cha ukingo wa paa ambacho hakuna aliyekikusudia. Nyumba nyingi za aina hiyo hazipo tena au zimebadilishwa. Changanueni picha nzima, hadi mpaka wake mweupe, kwa ukubwa wa juu kabisa ambao mashine inaruhusu, na nyuma yake mwandike mtaa na mwaka wakati bado yuko mzee wa kuulizwa. Kukata ubao kunaweza kusubiri. Mzee anayekumbuka nyumba ile ilikuwa mtaa gani hawezi.